Salamu za Ijumaa Darasani

Kila nikipita mnadani Gehandu, akatokea mama wa Kibarbaig mwenye sketi ya ngozi iliyolainishwa kwa samli, harufu ile hunikalisha tena kwenye dawati la darasa la nne, ubavuni mwa Udagwenga, msichana wa Kibarbaig. Naye alinukia hivyo hivyo, samli na moshi wa kufukizia vibuyu vya maziwa, na sisi watoto wa Kiiraqw, ambao wazazi wetu walilima mahindi na maharage, tulikuwa tukiziba pua. Wenzetu wa Kibarbaig, watoto wa wafugaji, nao walituita wala majani. Shule ilikuwa moja, lakini uwanjani tulicheza mafungu mawili.

Kisha akaja Mwalimu Zawadi kutoka kusini, hajui Kiiraqw wala Kidatoga cha Wabarbaig. Ijumaa yake ya kwanza, kipindi cha mwisho, alifunga kitabu cha Kiswahili akasema, "Mimi hapa ni mgeni. Nifundisheni kusalimia nyumbani kwenu."

Basi tukamfundisha, na kila Ijumaa ikawa hivyo. Zile sauti za Kiiraqw zinazotoka kooni zilimshinda vibaya. Siku alipomsalimia bibi yangu njiani, bibi alikimbilia kumletea maji akidhani amepaliwa. Alipoelewa, alicheka wiki nzima. "Jirani usiyejua kumsalimia," alituambia, "hata mbwa wake atakuuma."

Udagwenga akawa mwalimu wangu. Mimi nilijua ng'ombe mweusi na ng'ombe mwekundu, basi. Yeye alikuwa na jina la mwenye baka shingoni, na jingine la mwenye madoa kama matone ya mvua ya kwanza vumbini. Nikikosea, ananipiga kiwiko. Nami nilimpa Kiiraqw, akakishika upesi kuliko Kiswahili.

Baba yake, mzee Gidamuhale, alikuwa amemwandikisha shule kwa shingo upande. Ijumaa moja alikuja kumchukua akachunge. Alisimama mlangoni na fimbo yake, shuka begani. Mwalimu akatuashiria, na darasa zima, Wairaqw kwa Wabarbaig, tukainuka tukamwamkia kwa Kidatoga, salamu ya mtoto kwa mzee.

Alitutazama dawati kwa dawati, kisha akaitikia kwa sauti ndefu, akamgeukia mwalimu.

"Hawa watoto wa wakulima, nani amewapa maneno yangu?"

"Binti yako, mzee."

Akacheka hadi akajifuta macho kwa shuka. "Basi akae. Ng'ombe nitachunga mimi."

Mwaka uliofuata Mwalimu Zawadi alihamishwa. Aliyeshika nafasi yake hakuwa mtu mbaya. Alitupenda na alitaka tufaulu. "Mtihani hauulizi Kidatoga," alisema, na kipindi chetu cha Ijumaa kikawa cha hesabu. Aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alifagia uwanja. Udagwenga, ambaye maneno hayakumwisha mdomoni, akawa mtu wa "ndiyo" na "hapana".

Kiangazi kikawa kikali, malisho yakaisha, na mzee Gidamuhale akaja tena. Tukasimama.

"Shikamoo mzee!"

Akasubiri kidogo, kana kwamba kuna kingine kinakuja. Hakikuja.

"Marahaba," akasema, akamwashiria binti yake kwa fimbo atoke.

Niliomba ruhusa nikamfuata hadi njiani. Nilitaka kumuaga kwa lugha yake. Nikatafuta neno, nikakuta sina. Ijumaa zetu zilikatika tukiwa bado kwenye salamu, kwenye kuagana hatukuwa tumefika. Nikasema tu, "Kwaheri, Udagwenga." Yeye akaniaga kwa Kiiraqw, kimenyooka, kama dada wa tumbo moja. Walihama na ng'ombe wao, na sikumwona tena.

Kwa miaka mingi nilisema kama wengine, kwamba baba yake hakupenda shule. Sasa ninaishi Arusha, na wanangu wanajua Kiswahili na Kiingereza. Sikukuu iliyopita niliwapeleka nyumbani. Mdogo alimkimbilia mama yangu, akamwamkia shikamoo kwa adabu zote. Mama akamshika kichwa, akasubiri kidogo, ndipo akaitikia marahaba.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa mzee yule alikuwa akisubiri nini.