Fundo la Coletha na Kanuni Mpya ya South Beach

Coletha ni msusi. Kwao ni Bukoba, na kwa miaka kadhaa sasa anasukia katika saluni moja katikati ya jiji la Durban, juu ya duka la viatu. Mwenye saluni ni Antoinette, Mkongomani wa Uvira, na wasusi wengine wote ni Wakongomani. Kiti katika saluni kama ile hakina mkataba. Mtu hukaa nacho maadamu anaaminika, kwa sababu rasta, mafuta na mikoba ya wateja viko wazi mbele ya kila mtu. Msusi akiitwa mwizi Jumapili, Jumatatu hana kazi.

Coletha aliitwa mwizi mwaka 1999, kwenye mchanga wa South Beach, ufukwe wa jiji hilo hilo.

Huko ndiko Léonce, mwenye duka la simu, alikowafundisha wenzake wa kanisani futiboli ya Kimarekani. Aliijua kwa mmisionari wa Kimarekani aliyekuwa jirani yao huko Kongo kabla ya vita, ambaye bado humtumia kanda za video. Kwa kuwa hakuna aliyetaka kuvunjwa mbavu, walikubaliana kutoangushana. Kila mchezaji huchomeka vipande viwili vya kitenge kiunoni. Mwenye mpira akichomolewa kimoja, amekamatwa. Akivuka mstari wa mwisho nao, amepata pointi.

Siku hiyo Coletha alikwenda kutazama tu. Upande mmoja ulipungukiwa na mtu, akakabidhiwa vitambaa na kusukumwa uwanjani bila maelezo. Aliona nguo, kiuno na kazi iliyo mbele yake. Mikono ikafanya iliyoyazoea. Alijifunga kibwebwe, kama wanawake wa kwao wanapokwenda kulima au kucheza ngoma harusini, akakaza fundo.

Mpira ulipomfikia, alikimbia. Antoinette, nahodha wa upande wa pili, alimkamata kitambaa karibu na mstari. Kitambaa hakikutoka. Antoinette hakukiachia, aliburutwa kwa magoti mpaka wote wawili wakaanguka ng'ambo ya mstari, mpira ukiwa kifuani kwa Coletha. Léonce, aliyekuwa refa, akanyoosha mkono: pointi, na mchezo umekwisha.

Antoinette alisimama amejaa mchanga, akaonyesha lile fundo.

"Amefunga. Refa, huyu dada iko mwizi."

Coletha alisema hakujua. Alisema pointi irudishwe, hata mara mbili wakitaka. Léonce alikataa. Kanuni yao, alisema, ilitaka kitambaa kichomolewe. Haikusema lolote kuhusu fundo, na kosa hilo lilikuwa lake yeye aliyeileta. Pointi ingebaki. Kuanzia Jumapili ijayo fundo lingekuwa marufuku, na yeye mwenyewe angekagua kila kiuno kabla ya kuanza.

Antoinette alimuuliza ni nchi gani mtu anaiba kwanza ndipo sheria inatungwa. Léonce akajibu kwamba ni Marekani. Desemba iliyopita mchezaji wa New York alipewa pointi za ushindi dhidi ya Seattle, ilhali kilichovuka mstari kilikuwa kofia yake ngumu ya kujikinga, si mpira. Kwa kelele za mechi hiyo na nyingine kama hiyo, wakubwa wa ligi walirudisha utaratibu wa refa kutazama tena video.

"Na wale wa Seattle walipata nini?" Antoinette aliuliza.

"Kanuni."

Watu walicheka, Antoinette hakucheka. Coletha naye alikuwa akishughulika na fundo. Jasho na mchanga vilikuwa vimelikaza, halikufunguka. Hatimaye Antoinette alimsukuma mikono pembeni, akapiga magoti, akaanza kulifungua mwenyewe. Alikawia. Alipoinuka, sauti ilikuwa imeshuka.

"Mama yangu alikuwa anafungaka vile, akienda shamba ya mihogo. Mwizi hafungi fundo ya kuonekana toka barabarani."

Hakuomba radhi, na Coletha hakulala vizuri. Asubuhi alikwenda kazini na begi tupu la kubebea vitana vyake. Alimkuta Antoinette na mteja aliyetaka kusukwa mtindo wa yeboyebo. Antoinette alimwambia mteja akae kwa Coletha, kwa kuwa Coletha ndiye mwenye mkono wa kukaza.

Hata leo Coletha anaisimulia siku hiyo kwa shukrani, wala si ushindi anaoushukuru. "Ingekuwa rahisi kuniondoa mimi," anasema, "kanuni ikabaki ilivyo. Nani angeniulizia? Wao wakabadilisha kanuni."

Jumapili iliyofuata Léonce alikagua viuno vyote, vya wanaume kwa wanawake, akivuta kila kitambaa kwa vidole viwili. Wakati wa kugawana wachezaji, Antoinette alichagua wa kwanza. Alimtaja Coletha.

"Amenivuta mchangani kama gunia," aliwaambia waliomshangaa. "Sasa avute wengine."