Matofali ya Kuvuna

Wiki iliyopita, karibu na mashine za kukobolea mpunga za Kagongwa, nilinusa pumba zilizolowa nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni. Mvua ilikuwa imebomoa jiko la bibi, na mama alikuwa amefyatua matofali mapya ya udongo, saruji na pumba za mpunga, kisha akaniachia kazi ya kuyamwagilia. Mimi niliamini kwamba tunaotesha mpunga.

“Bibi, mbona hayaoti?” nililalamika.

Bibi alicheka hadi khanga ikamdondoka. “Mwagilia tu, mama yangu. Ukiyaacha yapasuke, hatutavuna.”

Nilirudi kisimani mara nne, nikiimba.

Leo najua kwamba maji hukomaza saruji, na kwamba matofali yale yaliokoa miti ambayo ingeteketea tanuruni. Hakuna lililopasuka. Wali wa kwanza uliopikwa katika jiko lile niliula kwa fahari, nikiamini umetoka ukutani.