Baiskeli Isiyo na Mnyororo

Miaka ile ya tisini usingethubutu kunigusia habari za uti wa mgongo, ningekuchosha. Nilikuwa nimepanga chumba Nkoma, Mbale, nikikariri kwa sauti mpaka mama mwenye nyumba naye akajua. Diski ikitokeza, mgonjwa huumia akiinama. Mlaze kifudifudi ainue kifua. Mfereji wa uti ukibana, miguu hufa ganzi akisimama wima. Mwinamishe apate nafuu. Mtihani wa vitendo nilishaufeli mara moja. Nikifeli tena, nafukuzwa chuo cha tiba ya viungo, narudi kijijini kupalilia mahindi.

Mtihani wenyewe ulikuwa Jinja, katika hospitali moja. Asubuhi, tukiwa getini, akaja mzee mmoja, sajini mstaafu, katembea kutoka Kimaka, kifua kakilaza juu ya usukani, anasukuma baiskeli isiyo na mnyororo.

"Mzee, na baiskeli imekuja kutibiwa?" nikamuuliza.

Wenzangu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mzee naye akacheka, maskini.

Kumbe ndiye mgonjwa wangu! Kabla mtahini hajaingia nikamwonya: "Mzee, usiniaibishe. Simama sawasawa, jibu kwa kifupi."

Lo! Unamwambia nani hivyo, askari? Mtahini, mama mmoja asiyejua kutabasamu, alipofungua mlango tu, mzee akasimama mguu sawa.

"Ukisimama hivi unaumia?" nikauliza.

"Hapana, afande!"

"Miguu je?"

"Iko sawa, afande!"

Nikatangaza kwa madaha: diski. Nikamlaza kifudifudi, nikamwamuru ainue kifua. Akainua. Jasho likamtoka, miguu ikamtetemeka, wala hakuguna. Nami, bwege mkubwa, nikahesabu mpaka kumi nikidhani anapona.

"Basi, mshushe," mtahini akasema. Akamgeukia. "Mzee, barabarani ulitembeaje?"

"Naegemea baiskeli, mama. Nikiinama, miguu inarudi."

"Mbona hukumwambia?"

"Alisema nisimame sawasawa."

Mtahini hakunitazama. Aliandika neno moja, akaita mwanafunzi mwingine.

Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi, kichwa katikati ya magoti. Nilijichukia, nililia bila haya. Nikasikia magurudumu yakisimama mbele yangu. Mzee alikuwa ameinama juu ya usukani wake, ananichungulia usoni.

"Pole, daktari," akasema. "Unaumia wapi?"

Nusu saa nzima nilikuwa naye mle ndani, na swali hilo sikumuuliza.