Rula ya Baba na Meza Zilizogongwa

Ukiacha kungoja, nilisafiri siku tatu: basi kutoka Kitale hadi Nairobi, ndege hadi Jeddah, na baada ya wiki mbili za kungoja ikama, yaani kibali cha ukaazi, basi tena jangwani hadi Riyadh. Nilikuwa nimeshaendesha malori Juba na Kigali, na kila mahali niliondoka nilipochoka. Huku haikuwezekana bila ruhusa ya kafili, mwajiri anayekudhamini. Jeddah, mtaa wa Bani Malik, katika chumba cha Wakenya wanane, mmoja alinicheka: "Ukimuudhi kafili, ndugu yangu, kwenu utakuwa unapaona kwenye simu tu." Maneno hayo yalinikaa tumboni miaka sita.

Kafili wangu alikuwa mhandisi mzee, mjane, aliyesoma chuo kikuu cha ufundi Ujerumani. Nilikuwa dereva wake, nikamwita Baba. Garini alizungumzia chuo hicho tu: jengo kuu lilivyoungua vitani, wanafunzi walivyookota matofali na kuyakwangua chokaa ili lijengwe upya, ukuta mmoja ulivyoachwa na masizi yake makusudi. Kabla ya kuingia darasani, alisema, kila mmoja alisugua kipande cha chuma kwa tupa hadi kikawa mraba pande zote.

"Wewe ungeweza."

"Mimi niliishia kidato cha nne, Baba."

"Mafi mushkila, hakuna shida. Tupa haiulizi cheti."

Mwaka wa sita mama alianza kunisahau. "Wewe ni mtoto wa nani?" aliniuliza kwenye simu. Nikamwomba Baba kibali cha kuondoka kabisa. Akasema atakitoa baada ya mhadhara wake, katika hoteli moja ya mtaa wa Olaya, mbele ya wazee wenzake waliosoma chuo kile. Angewaonyesha rula ya mbao yenye ulimi unaoteleza katikati, waliyopigia hesabu wahandisi wa zamani. Alipewa na profesa wake, naye profesa alipewa na wake.

Asubuhi ya siku hiyo alinikabidhi rula ndani ya boksi lake niiweke garini, nikachukue pia picha ya chuo kwa fundi wa fremu, Al-Dirah. Fundi alichelewa. Niliporudi garini, boksi lilikuwa limekaa juani nyuma ya kioo saa mbili nzima. Ngozi nyeupe ya plastiki iliyofunika mbao ya rula ilikuwa imejikunja kama ganda la mahindi, na ulimi haukusogea.

Nilifunika boksi. Nikampelekea Baba kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ukumbini nilisimama nyuma kabisa. Baba alifungua boksi, akasukuma ulimi. Akasukuma tena. Macho yake yakanitafuta, yakanipata. Kisha akasema maneno machache ya Kijerumani, na wazee wote wakaanza kugonga meza kwa vifundo vya vidole. Hawakucheka. Waligonga tu, mpaka glasi zikatetemeka. Nilijua wanadai niadhibiwe. Nilikimbilia garini, nikakaa nikingoja polisi.

Baba alitoka na boksi kwapani. "Mbona umekimbia?"

"Walikuwa wananigongea meza, Baba."

"Niliwaambia rula imezeeka kama sisi, wakanipongeza. Chuoni kule hatupigi makofi, tunagonga meza." Akaketi, akafungua boksi. "Na hii?"

"Niliiacha juani. Halafu nikaficha."

"Ungeniambia asubuhi, nisingeifungua mbele ya watu. Yalla, twende."

Kibali hakikutajwa tena, siku hiyo wala wiki mbili zilizofuata. Kila simu yake ilipolia, nilijiona nimebaki Riyadh hadi mama afe.

Kisha akaniita. Rula ilikuwa mezani, bado imekwama. Kando yake, pasipoti yangu.

"Kibali nimekitoa jana," alisema. "Ulipoulizwa, ulisema kweli. Mimi nilimvunjia profesa wangu darubini, nikasingizia mwenzangu. Halas, yameisha, nenda kwa mama."

Nilimrudishia funguo za gari. Hakunipa mkono. Aligonga meza kwa vifundo, mara mbili, bila kuinua uso. Maana yake niliijua, na bado nilishtuka. Hata kwenye foleni ya uwanja wa ndege, muhuri ukiwa umeshagongwa, niliendelea kugeuka nyuma.