Fotini

Juzi pale Kinoru nilikuwa naangalia somo la hesabu kwa simu, maana siku hizi hesabu najifundisha mwenyewe, nikaona namba zile zile za shuleni: mbili, nne, nane.

Tulikuwa fomu wan. Mvua ilipiga mabati, darasa likanuka sweta zilizolowa na githeri ya chakula cha mchana. Mwalimu akaziandika ubaoni, akauliza namba gani inafuata. Rafiki yangu Kendi akasimama.

"Kumi na nne, mwalimu."

"Ni kumi na sita! Unazidisha kwa mbili. Hiyo fotini umetoa wapi?"

"Nimeongeza mbili, halafu nne, sasa ni sita..."

"Keti chini, Fotini!"

Darasa lilicheka mpaka mvua haikusikika, na jina likabaki. Mutuma wa darasa letu alipolirudia nilimrukia shingoni. "Hata kama amekosea, ni rafiki yangu!" Kendi alinitazama tu. Nilidhani ananishukuru. Hakuinua mkono tena darasani.

Basi juzi simu ikasema majibu yote mawili ni sawa, kila moja na njia yake. Nilimpigia Kendi hapo hapo, nikiwa na hasira na mwalimu.

"Kendi, ile fotini yako ilikuwa sawa!"

"Nilijua siku ile ile. Ni wewe tu nilitaka uniamini."