Mkwe Asiyeitika

Bujiku alikuwa mgonga dari. Kwenye ule mgodi wa Geita, miaka ya hamsini na kitu, wengine walichoronga mwamba, wengine walisukuma vitoroli. Yeye kazi yake ilikuwa kutangulia. Baruti ikishalipuka na moshi ukipungua, anaingia wa kwanza na mtaimbo, anagonga mwamba wa juu, anatega sikio. Mwamba mzima unalia kama kengele. Uliopasuka unalia kama debe lililobonyea. Akisema "Piteni!" ndipo wenzake wanaingia. Neno lenyewe moja tu, lakini alivyolitamka ungedhani ni chifu.

Siku moja aliipitisha dari, jiwe likadondoka, likamchuna bega Makoye, mchorongaji na mtani wake.

"We Bujiku, si uniambie tu kama unamtaka mke wangu!"

Wakacheka. Bujiku akasema hata mwamba una siku zake za uongo. Masikio yake hakuyawazia kabisa. Kwa kukaa miaka karibu na mashine za kuchoronga, kichwani mwake nyenje walilia mchana kutwa, naye alidhani kila mtu anao wake.

Akaenda likizo kwao, upande wa Kolandoto. Huko ndiko mambo yalikoharibika, na yaliharibiwa na adabu. Mama mkwe, kwao, haangaliwi usoni. Ukikutana naye njiani unaingia kwenye majani, unampa mgongo, anakusalimia, unaitika ukiwa umeangalia majani hayohayo. Basi Mageni, mama wa mkewe Limi, akapita. Bujiku akaingia majanini, akageuka. Mama akasalimia. Kimya. Akasalimia tena. Kimya. Mkwe kasimama wima kama nguzo, adabu tupu, anasubiri salamu. Mama wa watu akaondoka zake, na Bujiku akabaki anajiuliza: huyu mama siku hizi mbona hanisalimii?

Ikawa hivyo wiki nzima. Mageni akaja kwa binti yake.

"Dhahabu imempanda kichwani huyo mumeo. Funga vitu vyako, twende nyumbani."

Limi alikuwa anapepeta mtama. Mama yake alipotoka tu, akamkabili mume.

"Mama humwitikii kwa nini?"

"Nimwitikie nini? Hanisalimii!"

Limi akamtazama vizuri. Macho ya Bujiku yalikuwa yamemganda mdomoni, kama ya paka anayengoja mfupa. Akakumbuka kwamba siku hizi ndivyo anavyomwangalia kila mtu. Taratibu akainua ungo, akajifunika uso.

Bujiku akacheka. "Haya, sema basi."

Ungo ukashuka. Limi alikuwa analia.

"Nimeshasema. Nimekuita jina lako. Nimeliita kwa nguvu mpaka mbuzi wamegeuka."

Wakaenda hospitali ya misheni. Daktari, mama mmoja wa Kizungu aliyeongea Kiswahili cha polepole, akagonga kichuma chenye meno mawili kama uma, akakisogeza kwenye sikio. Nyenje tu. Akaziba mdomo wake kwa kiganja, akaongea. Nyenje. Akashusha kiganja.

"Makelele yameyaua masikio yako. Dawa sina."

"Hata ya kuchemsha?"

"Hata hiyo. Ulaya kuna mashine za kuvaa sikioni, huku hazijafika. Watu wakae mbele yako, kwenye mwanga, waseme mmoja mmoja. Kazi yako nini?"

Bujiku akamweleza. Daktari akakiweka kichuma mezani, na hapo Bujiku akaliona tena bega la Makoye lililochunwa.

Angeweza kuficha. Mgodini nani angejua? Alivyorudi, nyapara alimpa mtaimbo wake kama kawaida, na njia nzima ya kushuka Bujiku alijiambia atagonga kwa nguvu zaidi, itatosha. Akagonga. Akagonga pembeni. Mtaimbo ulitikisika mkononi, sikioni hakikuja kitu, si kengele wala debe. Nyuma yake Makoye alikuwa ameshainua mguu, anangoja lile neno.

Bujiku akageuka, akamwekea mtaimbo mikononi.

"Gonga wewe. Mimi sisikii."

"Acha utani. Tangu lini?"

"Tangu bega lako."

Makoye, ambaye alicheka hata msibani kwao, hakucheka.

Kiziwi hana kazi chini ya ardhi. Bujiku akarudi kwao kulima pamba, asiye na cha kutangulia. Wazee wa pale walimpigia kelele masikioni, wakamcheka, wakachoka, wakamwacha.

Limi hakufungashwa virago. Mageni alipoelezwa akafanya jambo lililowatoa majirani nje: akaingia shambani, akasimama mbele ya mkwe wake, uso kwa uso, mwangani, kama daktari alivyosema. Bujiku akainua macho, akamwona mama mkwe kwa mara ya kwanza.

Ila mwanamke aliyelelewa kwa haya haachi yote kwa siku moja. Alipotaka kusema, mkono ulipanda wenyewe, ukavuta kaniki yake ukaziba mdomo. Bujiku akabaki na macho mawili yenye machozi, na kitambaa kinachotikisika.

"Eeh, mama," akaitika.

Kikatikisika tena. "Eeh, mama."

Mageni alimaliza, akaondoka. Kaniki iliendelea kupeperuka mgongoni kwa upepo, na Bujiku, asije akaambiwa tena ana kiburi, akaendelea kuitika.