Pipa la Hawo

Hawo Jirma alihamia Isiolo kutoka Rapsu mwaka wa 1978, baada ya mumewe kufariki, akaanza kufua nguo za watu. Tulikuwa majirani, ukuta kwa ukuta. Shemeji yake, Isacko, alitaka arudi akakae chini ya mkono wake kama ilivyo desturi. Hawo alikataa. Isacko, mtu wa mdomo, akamwambia mbele yetu sote:

"Tutaona hii kazi yako. Idd ikifika na bado unahangaika, nakuja kukuchukua."

Na kweli alikuwa anahangaika. Kule Rapsu alifulia maji ya mto, na sabuni ilitoa povu vizuri. Maji ya kisima chetu yalikuwa na ukaidi wake. Ukisugua sabuni, unapata utando wa kijivu unaong'ang'ania kola. Akaambiwa atie magadi. Akayatia humo humo beseni, nguo zikiwa zimelowekwa. Zilipokauka zilikuwa ngumu, zina unga mweupe kwenye mishono, na wateja wakaanza kumkimbia. Iliniuma, maana yule mama hakuwa mvivu hata kidogo.

Siku moja akaja Mwalimu Lokwang, aliyefundisha sayansi, na shati lake mkononi. Nilidhani amekuja kugomba. Kumbe aliomba glasi mbili. Moja akaijaza maji ya kisima, nyingine maji ya magadi aliyoyachuja yakawa maangavu. Akamimina hii ndani ya ile. Papo hapo yakawa meupe kama maziwa.

"Mama Hawo, hii maji ya kisima iko na kalisi, lakini huwezi kuiona. Magadi nayo iko na kaboneti. Kila moja peke yake imeyeyuka tu. Zikikutana zinashikana, zinakuwa unga kama chaki. Huo unga maji haiwezi kuyeyusha, unaenda chini."

"Zinashikana wapi?"

"Pale umezikutanisha. Wewe umezikutanisha ndani ya shati yangu."

Mimi nilicheka. Hawo hakucheka. Alikaa akiitazama ile glasi mpaka weupe wote ukatulia chini na maji ya juu yakabaki safi.

"Basi zitakutana kwingine," alisema.

Akatafuta pipa. Idd ilikuwa imekaribia, na wateja wachache waliobaki walikuwa wameleta kanzu. Akatia maji, akatia magadi, akakoroga, kisha akaketi kando na fimbo akifukuza mbuzi. Wapita njia walimtania kwamba anapika uji wa chaki. Isacko naye akapita, akachungulia pipa, maji yakiwa bado meupe.

"Sasa hata maji umeharibu!"

Nilitamani kumrushia kandambili. Hawo akafukuza mbuzi mwingine. Pipa lilipotulia, aliteka maji ya juu polepole bila kugusa tope la chini, akaweka sabuni. Povu likapanda hadi viwiko.

Asubuhi ya Idd wanaume walipita kwenda kuswali, kanzu zao zikituumiza macho kwa weupe. Isacko akaingia uani.

"Salaam aleikum. Funga vitu, twende."

Hawo alimtazama kuanzia kola hadi pindo.

"Aleikum salaam, shemeji. Hiyo kanzu yako imefubaa sana. Ukitoka kuswali uniletee. Foleni iko ndefu, lakini wewe ni mtu wa nyumbani."

Aliileta.